Kanisa Lililohama: Historia ya Kituo cha Kiprotestanti cha Usambiro Kusini mwa Ziwa Viktoria

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya Usambiro, kituo cha Kiprotestanti kilichoanzishwa kusini mwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1880 na kuachwa mwanzoni mwa muongo uliofuata. Kituo hiki kilikuwa makao ya mwisho ya Alexander Mackay wa shirika la kimisionari la CMS, na kilikuwa kimbilio la Waprotestanti waliofukuzwa Buganda mwaka 1888. Hata hivyo, katika historia ya Ukristo ya ukanda wa Shinyanga na Geita kituo hiki hutajwa kwa sentensi moja au hakitajwi kabisa. Makala inajibu maswali matatu: kwa nini kituo kiliwekwa Usambiro, kwa nini kiliachwa, na kwa nini kumbukumbu yake ilihamia Uganda. Hoja kuu ni kwamba Usambiro lilikuwa kanisa lenye waumini na lugha ya mahali pengine. Hali hiyo ndiyo iliyolipa umuhimu wake wa muda mfupi, na ndiyo iliyolinyima mizizi katika ardhi lilimojengwa. Mwisho, makala inaeleza nafasi ya mahali hapo katika sheria za mambo ya kale na za madini, na kutoa mapendekezo.

1.0 Utangulizi

Msafiri atokaye Shinyanga mjini kuelekea Tinde hupita Didia, kata ya Wilaya ya Shinyanga iliyo katika nchi ya Wasukuma. Akielekea upande wa kaskazini-magharibi, ataingia katika ukanda wa dhahabu wa Kahama, Msalala na Geita, na hatimaye kufika kwenye ncha ya kusini ya Ghuba ya Mwanza, mahali ambapo mkono mwembamba wa ziwa unapenya bara. Katika eneo hilo, ambapo mikoa ya Mwanza, Geita na Shinyanga inakaribiana, ndipo ilipokuwa nchi ya Usambiro.

Leo ukanda huu una makanisa mengi ya Kiprotestanti. Lililoenea zaidi miongoni mwa Wasukuma ni Kanisa la Africa Inland Tanzania (AICT), ambalo historia yake huelezwa kwa kuanzia Nassa mwaka 1909 na Kolandoto mwaka 1913. Masimulizi hayo ni sahihi kwa kadiri yanavyohusu kanisa hilo. Lakini yanaacha pengo la zaidi ya miaka ishirini, kana kwamba kabla ya 1909 Uprotestanti haukuwahi kupiga hodi katika nchi hizi. Usambiro ni sehemu ya pengo hilo.

Makala imejikita katika vyanzo vya maandishi. Vikuu kati ya hivyo ni barua za Mackay, zilizokusanywa na dada yake na kuchapishwa mwaka 1890. Masimulizi ya safari ya Henry Morton Stanley, yaliyochapishwa mwaka huohuo. Na kumbukumbu za Askofu Alfred Tucker, zilizochapishwa mwaka 1908. Vyote viliandikwa na wageni kwa ajili ya wasomaji wa Uingereza. Kwa hiyo vinasomwa hapa kwa tahadhari: si tu kwa yale vinayoyasema, bali pia kwa kutazama ni nani anayepewa jina na ni nani anayetajwa kwa jumla.

2.0 Dhana ya Kanisa la Pembezoni

Katika makala hii, kanisa la pembezoni ni kanisa lililojengwa nje kidogo ya makao ya mtawala: karibu kiasi cha kuitwa na kuangaliwa, na mbali kiasi cha kutohesabiwa kuwa sehemu ya ikulu. Katika karne ya 19, mahali kama hapo hapakuchaguliwa na mmisionari peke yake. Mtawala ndiye aliyegawa ardhi, na kwa kuigawa aliamua mgeni wake awe umbali gani.

Mfano ulio bayana ni Nateete. Wamisionari wa kwanza wa CMS waliingia katika ikulu ya Kabaka Mutesa I tarehe 30 Juni 1877, miaka miwili baada ya Stanley kuitembelea ikulu hiyo na kutuma Ulaya barua ya kuwaita wamisionari, barua iliyochapishwa katika gazeti la Daily Telegraph mwezi Novemba 1875. Mackay, mhandisi kutoka Scotland aliyezaliwa mwaka 1849, aliwasili Buganda mwezi Novemba 1878. Wamisionari walipewa ardhi Nateete, nje ya makao ya kifalme. Leo Nateete ni kitongoji cha jiji la Kampala, na jina la Mackay limebaki hapo katika chuo kinachomkumbuka.

Jambo lenye umuhimu kwa msomaji wa Kiswahili ni kwamba Uprotestanti wa Buganda ulianza kusomwa kwa Kiswahili. Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa katika misheni ya Waanglikana ya Zanzibar, aliachwa na Stanley katika ikulu ya Mutesa mwaka 1875 ili amsomee Kabaka Maandiko. Baadaye tafsiri za Kiswahili za Askofu Edward Steere wa Zanzibar zilitumiwa na wamisionari kufundishia, kabla ya Kiganda kuchukua nafasi hiyo. Waumini wenyewe waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Jina hilo linaonyesha kwamba kanisa hilo la mwanzo halikujulikana kwa jengo lake wala kwa mnara wake. Lilijulikana kwa tendo la kusoma, na kusoma ni jambo linaloweza kuhamishwa. Nukta hii itatufaa tutakapoeleza yaliyotokea Usambiro.

3.0 Kutoka Nateete hadi Usambiro

Kuwa pembezoni mwa ikulu kulikuwa na gharama yake. Mutesa alifariki mwezi Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akatawala. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni ya Kiprotestanti waliuawa Busega, karibu na Nateete. Mwezi Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington aliuawa Busoga, akiwa njiani kuelekea Buganda kupitia upande wa mashariki. Mwaka 1886 Wakristo wengi, Wakatoliki kwa Waprotestanti, waliuawa, na kundi kubwa lilichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Mackay alibaki Nateete hadi mwezi Julai 1887, alipolazimika kuondoka. Mmisionari mwenzake, E. C. Gordon, alikwenda kushika nafasi yake.

Mackay hakurudi Uingereza. Alivuka ziwa hadi pwani ya kusini na kuweka makao Usambiro, katika nchi ya mtemi anayetajwa katika maandishi hayo kwa jina la Makolo. Uchaguzi wa mahali hapo unaelezeka kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni njia. CMS ilikuwa tayari na mnyororo wa vituo kutoka pwani: Mpwapwa, kilichoanzishwa mwaka 1876, Uyui, karibu na Tabora, na Msalala, jina ambalo leo limebaki katika Halmashauri ya Wilaya ya Msalala mkoani Shinyanga. Misafara iliyotoka Unyanyembe kuelekea ziwani ilipita katika nchi za Wanyamwezi, Wasumbwa na Wasukuma. Usambiro ilikuwa mwisho wa njia ya miguu na mwanzo wa njia ya maji.

Sababu ya pili ni ziwa lenyewe. Kutoka kwenye ncha ya ghuba, mtumbwi au mashua iliweza kufika Buganda. Mackay aliyekaa Usambiro hakuwa ameiacha Buganda. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wake wa kusini.

Sababu ya tatu ni kuwapo kwa wageni wengine wa Kizungu katika eneo hilo. Mapadre Weupe wa Kanisa Katoliki walikuwa na kituo Bukumbi, kwenye ghuba hiyohiyo, tangu mwaka 1883. Wapinzani hao wa Nateete na Rubaga wakawa majirani tena kusini mwa ziwa.

Kwa hiyo Usambiro nayo ilikuwa kanisa la pembezoni, ila kwa namna mbili kwa wakati mmoja. Kwa ardhi, ilikuwa pembezoni mwa makao ya Makolo. Kwa nia, ilikuwa pembezoni mwa Buganda, ingawa maji ya ziwa zima yaliitenga nayo. Utata huu ndio ufunguo wa historia yake yote.

4.0 Maisha ya Kituo

4.1 Karakana, matbaa na darasa

Stanley alifika Usambiro tarehe 28 Agosti 1889, akirudi pwani pamoja na Emin Pasha, na akapumzika hapo hadi katikati ya mwezi Septemba. Maelezo yake yanatuonyesha kituo kinachofanana na karakana kuliko kanisa la picha za Ulaya. Kulikuwa na uzio wa miti, nyumba ya udongo yenye vitabu vingi, mahali pa mhunzi, mbao zilizopasuliwa, bwela la mashua ya mvuke iliyokuwa ikiundwa, na zizi la mifugo. Ndani ya uzio huohuo watu walifundishwa kusoma na kusali.

Mpangilio huo ulikuwa wa kusudi. Kwa Mackay, kazi ya mikono na mahubiri havikutengana. Kabla ya kufika ziwani alikuwa amesimamia utengenezaji wa njia ya mikokoteni kutoka Saadani hadi Mpwapwa, na Buganda alijulikana kwa uhunzi na useremala wake. Usambiro aliendelea kuchonga herufi za chapa na kuchapisha kurasa za Injili ya Mathayo kwa Kiganda, na hadi siku zake za mwisho alikuwa akiendelea na tafsiri ya Injili ya Yohana. Mashua ya mvuke aliyoiunda ilikusudiwa kufupisha safari ya kwenda Buganda.

Msomaji azingatie lugha hiyo. Kituo kilichokuwa katika nchi ya Wasumbwa, Wazinza na Wasukuma kilichapisha vitabu kwa Kiganda. Hakikuwa kosa la bahati mbaya. Wasomaji wa Kiganda walikuwapo tayari, walikuwa wameteswa kwa ajili ya kusoma, na walisubiri kurasa hizo kwa hamu. Lakini maana yake ni kwamba jirani wa karibu kabisa wa matbaa hiyo, mkulima wa Usambiro aliyeleta mtama au kuni, hakupata kutoka humo hata ukurasa mmoja wa lugha yake.

4.2 Makaburi

Mwanzoni mwa mwaka 1888 kituo kilipata uhai mpya. Henry Perrott Parker, askofu wa pili wa dayosisi iliyoitwa Afrika ya Mashariki ya Ikweta na mrithi wa Hannington, alikuwa amefika Usambiro pamoja na wamisionari wengine. Furaha hiyo haikudumu. Mwezi Machi 1888 homa ilimuua mmisionari J. Blackburn, na wiki mbili baadaye ikamuua Askofu Parker mwenyewe. Wote wawili walizikwa Usambiro.

Miaka miwili ikapita. Stanley alipoondoka mwezi Septemba 1889, alimwona Mackay kuwa mtu aliyechoka aliyestahili kupumzika kwao. Mackay, ambaye alikuwa hajaiona Uingereza tangu alipofika Zanzibar mwezi Mei 1876, alibaki ili kituo kisikose mtu. Tarehe 8 Februari 1890 alifariki kwa malaria akiwa na umri wa miaka 40. David Deekes, mmisionari mwenzake aliyekuwapo, alimtengenezea jeneza kwa mbao zilizokuwa zimepasuliwa kwa ajili ya mashua. Wakristo wa Kiganda waliimba kaburini kwa lugha yao.

Mbao za mashua kugeuka jeneza ni jambo linaloeleza hali ya kituo kwa ufupi kuliko maelezo mengi. Usambiro iliishi kwa matarajio ya kuondoka, na waliokaa humo moja kwa moja ni wale waliozikwa.

4.3 Kimbilio

Kati ya vifo hivyo, kituo kilipata kazi ambayo hakikupangiwa. Mwezi Septemba 1888 Mwanga alipinduliwa na makundi ya kidini yaliyoungana dhidi yake. Mwezi uliofuata muungano huo ulivunjika: Waislamu wakashika ikulu na Wakristo wakakimbia, wengi wao kwenda Ankole. Wamisionari wa pande zote mbili walitiwa katika mashua ya CMS na kufukuzwa. Wakiwa ziwani, kiboko aliigonga mashua na kuitoboa, na baadhi ya vijana waliokuwamo walikufa maji. Walionusurika waliikarabati, wakavuka. Wakatoliki wakaenda Bukumbi, na Gordon na R. H. Walker wakafika Usambiro.

Kwa takriban mwaka mmoja, basi, uongozi wa kanisa la Kiprotestanti la Buganda ulikuwa kusini mwa ziwa. Barua za wakimbizi zilivuka maji kuja kuomba ushauri. Mwanga mwenyewe, aliyekimbilia kusini na kuhifadhiwa kwa muda na Mapadre Weupe wa Bukumbi, alisafirishwa kurudi kaskazini mwaka 1889 na Charles Stokes, mfanyabiashara aliyewahi kuwa mmisionari wa CMS. Mwaka huohuo aliandika kwa Mackay kuomba msaada. Mfalme aliyekuwa amemfukuza Mackay kutoka Nateete sasa alikuwa akibisha hodi Usambiro. Pembezoni ilikuwa imegeuka kitovu, walau kwa miezi michache.

5.0 Sababu za Kuachwa kwa Kituo

Kwa kawaida kuachwa kwa Usambiro huelezwa kwa kifo cha Mackay. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Vituo vingi vya wakati huo vilipoteza waanzilishi wake na bado vikaendelea. Zipo sababu nne zinazopaswa kutazamwa pamoja.

Kwanza, waumini walirudi kwao. Mwezi Oktoba 1889 Wakristo waliikomboa ikulu ya Buganda, na Gordon na Walker wakarudi huko. Kanisa lililoishi Usambiro kama mkimbizi liliondoka kama aondokavyo mkimbizi: kwa haraka na kwa shangwe.

Pili, mpaka ulichorwa. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ulilikata ziwa kwa mstari wa nyuzi 1 kusini. Buganda ikaangukia upande wa Waingereza, na Usambiro upande wa Wajerumani. Mlango wa kusini wa Buganda ukawa ndani ya himaya nyingine.

Tatu, njia ilibadilika. Askofu Tucker, aliyeurithi uaskofu wa Parker, bado alipita njia ya kusini mwaka 1890 na kufika Mengo tarehe 27 Desemba. Lakini ndani ya miaka michache njia iliyoanzia Mombasa iliichukua nafasi ya ile ya Unyanyembe, na reli ya Uganda iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilimaliza kabisa hoja ya kupitia kusini.

Nne, na hii ndiyo sababu ya ndani, kituo hakikuwa kimejenga jamii ya waumini wenyeji wa kutosha kukidai. Afya mbaya ya mahali ilitajwa sana na wamisionari, na makaburi yaliwaunga mkono. Lakini mahali penye homa huachwa na wageni, wenyeji hubaki. Kama wenyeji wangekuwa na kitabu chao na mwalimu wao, kanisa lingebaki pamoja nao.

6.0 Nassa, Kolandoto na Suala la Mwendelezo

Nguvu ya CMS kusini mwa ziwa ilihamia Nassa, kwenye Ghuba ya Speke, kituo kilichoanzishwa mwaka 1888. Nassa ilikuwa ndani ya Usukuma na haikutegemea Buganda kwa waumini wake. Mwaka 1909 CMS ilikikabidhi kituo hicho kwa Africa Inland Mission, shirika ambalo wamisionari wake wa kwanza, wakiongozwa na Peter Cameron Scott, walikuwa wamefika Mombasa mwaka 1895. Kutoka Nassa kazi ilienea, na mwaka 1913 kikaanzishwa kituo cha Kolandoto, ambacho leo kimo katika kata iliyo pembezoni mwa Manispaa ya Shinyanga, upande wa barabara iendayo Mwanza. Kolandoto ilijulikana kwa hospitali na kwa huduma ya wagonjwa wa ukoma. Baadaye vituo hivi vilikuwa sehemu ya kanisa lililokuja kuongozwa na Waafrika, ambalo askofu wake wa kwanza alikuwa Jeremiah Kissula.

Ulinganisho wa Nassa na Usambiro unaonyesha nafasi ya lugha. Agano Jipya la Kiganda lilikamilika mwaka 1893 na Biblia nzima mwaka 1896, likiendeleza kazi ambayo sehemu yake ilifanyika Usambiro. Agano Jipya la Kisukuma lilitoka mwaka 1925, na Biblia nzima mwaka 1960. Kwa maneno mengine, matbaa ya kwanza ya Kiprotestanti katika eneo hili iliwanufaisha wasomaji wa kaskazini mwa ziwa zaidi ya miaka thelathini kabla wasomaji wa Kisukuma hawajapata Agano Jipya lao. Mahali ambapo kitabu kilikuja kwa lugha ya wenyeji, kanisa lilibaki.

Je, Usambiro ni mama wa makanisa ya Kiprotestanti ya ukanda huu? Jibu linategemea maana ya mwendelezo. Kwa mwendelezo wa waumini, hapana. Waumini wa Usambiro walirudi Buganda, na mama yao ni Nateete. Kwa mwendelezo wa taasisi, uhusiano upo ingawa ni wa mzunguko: Usambiro na Nassa vilikuwa vituo vya shirika moja na wakati mmoja, na Nassa ndiyo iliyokabidhiwa mwaka 1909. Mtafiti asiifanye Usambiro kuwa chimbuko la kila kanisa la eneo hili, wala asianze hadithi mwaka 1909 kana kwamba Nassa ilikutwa tupu.

7.0 Kaburi Lililohamishwa na Nafasi ya Sheria

Mwaka 1927 Kanisa la Uganda liliadhimisha miaka 50 tangu kufika kwa wamisionari wa kwanza. Katika maadhimisho hayo mabaki ya Mackay yalifukuliwa Usambiro, yakapelekwa Kampala na kuzikwa upya katika viwanja vya Kanisa Kuu la Namirembe. Kwa Kanisa la Uganda, tendo hilo lilikuwa la heshima na la haki: mwana alirudishwa nyumbani. Kwa Usambiro, lilikuwa hatua ya mwisho ya kuhama kwa kanisa. Waumini walikuwa wametangulia mwaka 1889, vitabu vilifuata, mwaka 1927 kaburi nalo likavuka ziwa.

Tangu hapo, anayetaka kumkumbuka Mackay huenda Namirembe au Nateete. Historia iliyofanyika katika ardhi ya Tanzania imekuwa ikielezwa kama sura ya historia ya Uganda, na hilo limesababishwa na msimamo wa vyanzo vyenyewe. Katika barua na vitabu vya wageni hao, mwanafunzi wa Kiganda huwa na jina, jambo ambalo ni haki yake. Mpagazi wa Kisukuma na mpasua mbao wa Kisumbwa huwa sehemu ya “watu”. Bila wao mzigo wa chapa usingefika ziwani na mbao zisingepasuliwa.

Suala hili si la kumbukumbu tu, ni la kisheria pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo na vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Usambiro, iliyojengwa katika miaka ya 1880, iko nje ya ulinzi huo kwa takriban miongo miwili. Ili mahali kama hapo palindwe, Waziri mwenye dhamana hana budi kupatangaza kwa amri. Majengo ya udongo, nayo, hayawezi kujitetea yenyewe kama mawe ya Kilwa: mvua chache zinatosha kulirudisha tembe katika ardhi.

Aidha, Usambiro ilikuwa katika ukanda ambao thamani yake ya leo hupimwa kwa kilicho chini ya udongo. Dhahabu ya Geita ilitambuliwa wakati wa Wajerumani, ikachimbwa kwa wingi tangu miaka ya 1930, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Wachimbaji wadogo wametapakaa katika wilaya zote jirani. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inazuia mwenye haki ya madini kufanya kazi katika ardhi iliyotengwa kwa maziko bila idhini ya maandishi ya mamlaka husika. Ulinzi huo, hata hivyo, unahitaji kwanza mtu wa kuonyesha kwamba maziko yapo. Kaburi lisiloandikwa katika rejista yoyote haliwezi kuombewa idhini na mtu yeyote.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala imeonyesha kwamba Usambiro ilianzishwa kwa sababu ya Buganda, ikafanya kazi kwa lugha ya Buganda, ikawahifadhi watu wa Buganda, na ikaachwa Buganda ilipofunguka tena. Udhaifu wake na umuhimu wake vilitoka katika chanzo kimoja. Kwa muda mfupi ilikuwa mahali ambapo kanisa zima la Kiprotestanti la kaskazini mwa ziwa liliweza kupumua. Lakini haikuwa kanisa la wenyeji wake, na kwa hiyo haikuacha mtu wa kulilinda.

Kutokana na matokeo hayo, mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, taasisi zinazohusika na malikale, kwa kushirikiana na makanisa na halmashauri za eneo hilo, ziainishe na kuweka alama mahali pa kituo na makaburi yake, kisha zipendekeze patangazwe chini ya sheria ya mwaka 1964. Pili, watafiti wa historia ya Ukristo katika Shinyanga, Geita na Mwanza waanze masimulizi yao katika miaka ya 1880, na wakusanye masimulizi ya wazee wa Kisukuma, Kisumbwa na Kizinza kuhusu misafara na wageni wa ziwani, ili watu waliotajwa kwa jumla wapate sura. Tatu, historia za makanisa ya Uganda na Tanzania zisomwe pamoja, kwa kuwa mpaka wa mwaka 1890 ulichorwa juu ya historia iliyokwisha kuwa moja.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Mchimbaji wa Usambiro anayepiga sururu leo hawezi kulaumiwa kwa kutojua kwamba chini yake palikuwa na kanisa, ikiwa sisi tunaosoma barua hizo hatujamwambia.